Matuta ya Usambara: swali lililonishinda darasani

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa historia, kidato cha tatu. Andalio la somo lilikuwa safi, notisi nimezipigia mstari kwa wino mwekundu, ubao nimeugawa vizuri kama tunavyofundishwa. Mada ilikuwa namna wakulima walivyopinga sera za kilimo za wakoloni. Nikaandika ubaoni kwamba Wasambaa na Waluguru walikataa kuchimba matuta kwa sababu hawakuelewa umuhimu wa kuhifadhi udongo, kisha TANU ikaja ikawaunganisha. Wanafunzi wakanakili. Mkono mmoja ukanyooka kule nyuma.

"Madam, sisi nyumbani tuna matuta. Baba kachimba mwenyewe, hakulazimishwa na mtu. Sasa hao wa zamani walikataa nini?"

Nikamjibu kwamba ni swali zuri, tutaliangalia kipindi kijacho. Wenzangu wa ualimu mnaijua hiyo sentensi na mnajua maana yake. Kipindi kijacho nilipita juu juu nikaenda mada nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtu wa Kifungilo. Kila asubuhi nikienda shule ya msingi nilipita kando ya mashamba ya ngazi, karoti na kabichi zimejaa, kingo zimeshikwa na majani ya guatemala. Nimekulia juu ya jibu na sikuliona. Basi makala hii ni jibu langu lililochelewa. Nawaandikia wanachuo wenzangu, na si wa historia peke yao, kwa sababu ndani ya swali lile la udongo kuna swali la utawala linalotuhusu sote: inakuwaje watu wakatae kwa nguvu jambo ambalo watoto wao watalifanya kwa hiari?

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Waingereza ilikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya mmomonyoko wa udongo katika milima ya Tanganyika. Wasiwasi ule haukuwa wa uongo, na hili lazima tulikubali mapema. Usambara Magharibi ina miteremko mikali na mvua za kutosha kuteremsha shamba zima bondeni. Watu walikuwa wakiongezeka, na ardhi ilikuwa imepungua, maana tangu enzi za Wajerumani sehemu kubwa za milima zilishafanywa misitu ya serikali na mashamba ya walowezi. Mwaka 1946 mradi ukaanza katika bonde la Mlalo, na kufikia 1950 ukaenezwa Usambara nzima. Mkulima alitakiwa kulima kwa matuta yanayokingama mteremko, yenye vizuizi katikati ili maji yasimame. Miteremko mikali kupita kiasi isilimwe kabisa. Mifugo isichungwe ovyo. Asiyetii aliitwa barazani, akapigwa faini, na akishindwa kulipa akafungwa.

Nani alimwita barazani? Hapa ndipo notisi zangu zilikuwa kimya. Tangu 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, Waingereza walitawala kwa kupitia machifu. Kwa Wasambaa maana yake ni ukoo wa Wakilindi, uliotawala kutoka Vugha kwa vizazi vingi kabla Mzungu hajafika. Bwana shamba ndiye aliyepima na kuelekeza, lakini aliyetoza faini alikuwa zumbe, mtu wa ukoo uleule ambao zamani mababu walimpelekea kodi ya mazao na kumwomba mvua. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Kufikia 1957 mradi ulikuwa umekufa.

Sasa ile sababu niliyoandika ubaoni, kwamba "hawakuelewa". Nimeitafuta nikaona haisimami. Kuelewa walielewa sana. Wakulima wa Kisambaa walichanganya mazao shambani ili ardhi isibaki uchi, walilaza magugu yaliyong'olewa kukingama mteremko, na walikuwa na vishamba vidogo katika sehemu mbalimbali za mlima ili kimoja kikikosa mvua kingine kiivishe. Sisemi njia hizo zilitosha. Zilitegemea kupumzisha shamba, na ardhi ya kupumzisha ilikuwa inakwisha. Ila mtu anayejua hayo huwezi kumwita mjinga wa udongo. Tena tuta lililochimbwa kwa kina kwenye udongo mwembamba huzika ule udongo mzuri wa juu na kuinua ule mbaya wa chini. Mkulima anayaona hayo kwa macho kwenye mavuno ya msimu uleule, wakati faida anayoambiwa na bwana shamba itakuja baada ya miaka.

Halafu, matuta yale yalichimbwa na nani? Bibi yangu alikuwa msichana mdogo miaka ile. Ukimuuliza habari za TANU hana hotuba yoyote anayoikumbuka. Anamkumbuka mama yake akirudi shambani jioni, akikaa kizingitini na kushindwa kuinama kufungua mzigo wa kuni. Mahindi na maharage ya kula vilikuwa jukumu la wanawake. Wanaume wengi walishuka tambarare kwenye mashamba ya mkonge, au walishughulika na mazao ya kuuza. Kwa hiyo sheria iliposema "mkulima achimbe matuta", jembe lililozungumziwa lilikuwa mkononi mwa mwanamke, na kazi ile iliongezwa juu ya kazi ambazo tayari zilimjaza siku nzima. Mwenye fedha aliweza kuajiri vibarua. Mwenye bustani bondeni, penye maji na penye tambarare, sheria ya miteremko haikumgusa sana. Mjane, au mke ambaye mumewe yuko mkongeni, alibaki na jembe lake na mteremko wake.

Kwa maneno mengine, sheria ilikuwa moja na uzito ulikuwa tofauti. Ukitaka kujua mtazamo wa watu juu ya sera yoyote, usiulize kwanza kama sera ni nzuri. Uliza kazi yake anaifanya nani na hasara yake inaangukia nyumba gani. Kwenye mihadhara yetu tunasema "wananchi waliipokea" au "wananchi waliipinga", kana kwamba wananchi ni mtu mmoja. Usambara walikuwepo wazumbe waliopata mshahara kwa kuisimamia sheria, wenye maduka na mashamba ya bondeni waliokuwa katikati, vijana waliosoma misheni waliotaka nafasi za utawala, na akina mama waliochoka. Wote walikuja kusimama upande mmoja kwa muda, kila mmoja na sababu yake.

Nije sasa kwenye nadharia, na naahidi haitakuwa ndefu. Wale wa sosholojia mnamjua Max Weber, Mjerumani aliyefariki 1920. Alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi kwa mazoea tunavichanganya. Kuna nguvu, yaani uwezo wa kumfanya mtu atende unachotaka hata kama hataki. Na kuna mamlaka, ambayo mtu huyatii kwa sababu anaona ni halali kwake kuyatii: kwa mila, kwa imani aliyonayo juu ya kiongozi, au kwa sheria anayoikubali. Anayetawala kwa nguvu peke yake ana kazi ngumu, maana kila siku lazima awepo. Akigeuza mgongo, jembe linawekwa chini.

Nilipokuwa nasoma habari za nyumbani, nikakuta Wasambaa walishakuwa na nadharia yao juu ya jambo hilihili, na kwa maoni yangu inafaa zaidi kuielezea Usambara kuliko ya Weber. Mwanahistoria wa Marekani Steven Feierman, aliyeishi milimani kwetu akifanya utafiti kuanzia miaka ya 1960, aliichambua kwa urefu katika kitabu chake cha 1990. Wasambaa walisema mtawala anaweza kufanya moja kati ya mambo mawili: *kuzifya shi*, yaani kuiponya nchi, au *kubana shi*, kuiharibu. Mtawala mwenye nguvu asiye na mpinzani, watu wakimpelekea kodi, nchi ni yake, naye hana sababu ya kuidhuru. Mvua inanyesha na watu wanashiba. Nguvu zikishindana, *nguvu kwa nguvu*, kila mwenye dawa anaizuia mvua ya mwenzake na njaa inaingia. Unaweza kucheka habari za dawa ya mvua. Lakini ondoa dawa uone kinachobaki: utawala unapimwa kwa chakula kilichomo ghalani mwa watu wa kawaida, na ugomvi wa wakubwa hulipwa na tumbo la mdogo.

Hawakuyatoa hayo hewani. Masimulizi ya Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi, aliyeandika Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika *Habari za Wakilindi*, yanamwonyesha mwindaji mgeni kutoka Ngulu anayewagawia wenyeji nyama na kuua nguruwe mwitu walioharibu mashamba. Ndipo wakampa utawala. Utawala ulianza kwa kulishwa. Kisha likaja funzo la upande wa pili. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862 wakuu wakagombana, Semboja akiwa Mazinde kwenye njia ya misafara na bunduki zake, na watu wakakamatwa wakauzwa. Hiyo ndiyo *nguvu kwa nguvu* waliyoisimulia wazee. Wajerumani wakafika, na mwaka 1895 wakamnyonga Mputa, mfalme wa Vugha. Ukiwa mkulima na umesikia yote hayo kwa babu yako, huhitaji semina ya uraia ili ujue mtawala anayeponya anafananaje na anayeharibu anafananaje.

Sasa rudi kwa zumbe wa miaka ya 1950 anayemtoza mjane faini kwa sababu ya tuta. Hana nguvu za kweli, maana zimeshikwa na Bwana DC pale Lushoto. Mvua haleti. Chakula haongezi, na tuta analolisimamia linapunguza mavuno ya mwaka huo. Kwa kipimo cha nadharia ya nyumbani, huyo anaibana nchi. Waingereza walidhani wameazima heshima ya Wakilindi ili sheria ipite kwa urahisi. Kumbe kila faini ilikuwa inaitafuna heshima ileile waliyoiazima. Hata Kimweri Mputa Magogo, chifu msomi wa kipindi kile, hakuweza kuitetea, kwa sababu tatizo halikuwa usomi wake. Alikuwa amekalishwa mahali ambapo kumtii mkubwa wake na kuwaponya watu wake yalikuwa mambo mawili yanayovutana.

Ng'ambo ya bonde la Mkomazi majirani zetu Wapare walishaonyesha jambo hilohilo. Wakati wa vita serikali ilileta kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya mtu, ikaipa jina la *mbiru*, ambalo ni jina la ushuru wa kale waliopewa machifu. Ujanja wa jina haukusaidia. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare walitembea hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi kwa majuma wakidai kodi ifutwe, na baadaye wanawake nao wakaingia. Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hiyo, na ningependa kila mwanafunzi wa siasa aisome kabla hajasema kwamba siasa ya umma nchini ilianza na vyama. Uluguru ilikuwa mbaya zaidi. Julai 1955 pale Matombo watu waliokataa matuta walikusanyika, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mradi wa kule nao ukaachwa. TANU ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja tu kabla, tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo ile sentensi yangu ya ubaoni ilikuwa imegeuza mambo. Chama kilikuta moto umeshawashwa jikoni, kikaleta sufuria.

Ningeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa tamu: mkoloni mbaya, wakulima wazuri, uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, machifu wakaondolewa muda mfupi baadaye. Ila nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya kama nilivyowadanganya wale wa kidato cha tatu.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya ujamaa vijijini na akasema wazi kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Alikuwa ameona miaka ya matuta, alijua amri hufanya nini. Novemba 1973 kauli ikabadilika: kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 watu wote wawe wamehamia. Mamilioni walihamishwa. Milimani kwetu, ambako watu walishabanana tayari, hatukuhamishwa kama mikoa mingine, lakini ndugu zetu wengi wa tambarare wanayo ya kusimulia. Nia ilikuwa kupeleka shule, maji na zahanati karibu na watu, na vingi vilifika kweli. Hata hivyo swali la Usambara lilirudi vilevile: kiongozi ana jambo ambalo anaamini ni jema, watu wanachelewa, subira inaisha, kinachobaki ni virungu na lori. Waliofanya hivyo safari hii hawakuwa wageni. Walikuwa watu waliopanda majukwaani kulaani matuta ya mkoloni. Sisemi ili kumtukana mtu. Nasema kwa sababu sisi tunaosoma ualimu na utawala ndio watakaokabidhiwa fomu na mihuri kesho, na sioni kitu chochote katika kozi zetu kinachotukinga.

Hata leo hapa chuoni. Kuna mchango wa fulana uliopitishwa darasani kwetu muhula uliopita. CR alitangaza dakika mbili kabla ya mhadhara kuanza, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, darasa likanyamaza, ikaandikwa "tumeafiki". Bumu lilikuwa halijaingia. Wiki mbili baadaye nusu hawajalipa, na ndipo tukaanza kuitana wasumbufu kwenye grupu. Fulana si matuta, najua. Lakini CR wetu ni mtu mwema, na alisoma ukimya wetu kama Bwana DC alivyosoma ukimya wa baraza la Lushoto.

Turudi kwenye swali la yule mwanafunzi: kwa nini baba yake kachimba? Baada ya uhuru habari za matuta zilikuwa chungu, na kwa miaka mingi hakuna mwanasiasa aliyetaka kuzigusa. Mwaka 1981 ukaanza Lushoto mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, kwa msaada wa Wajerumani, ambao wazee bado wanauita SECAP. Huu ulianza na mistari ya majani na miti kukingama mteremko. Majani yanashika udongo, na yanakatwa kulisha ng'ombe wa bandani. Ng'ombe anatoa maziwa na samadi, samadi inarudi shambani. Mkulima haoni faida baada ya miaka kumi. Anaiona kwenye ndoo ya maziwa. Wakati huohuo biashara ya mboga ilikua. Karoti, kabichi na viazi vinapanda malori kwenda Tanga na Dar es Salaam, na shamba la ngazi lenye maji linalipa kuliko mteremko mtupu. Anayechimba leo anachimba mahali anapotaka, kwa ukubwa anaoumudu, na hakuna anayemfunga akiacha.

Wala sitaki mniamini kwamba sasa mambo ni shwari. Wapo waliokata majani yale wakapanda mahindi mpaka ukingoni kwa sababu shamba ni dogo. Wapo wanaolima ardhi ya kukodi, nao hawana haja ya kuchimba ngazi atakazofaidi mwenye ardhi mwakani. Na ukipita Kifungilo jioni utaona mzigo wa majani ya ng'ombe uko juu ya kichwa cha nani. Ni mwanamke tena. Tofauti na enzi ya mama yake bibi ni kwamba huyu wa leo ana uwezo wa kusema hapana bila kwenda barazani, na kwenye maziwa ana senti zake, kama nyumba yake ni ya wenye kugawana. Nyumba nyingine bado si za kugawana.

Nimeandika upya andalio lile la somo. Nimeondoa neno "hawakuelewa". Kipindi cha kwanza nitawapa wanafunzi kesi moja: mjane mwenye mashamba matatu mteremkoni, zumbe, bwana shamba, mwenye duka mwenye bustani bondeni, na kijana wa misheni. Kila kundi lichukue mtu mmoja liseme atafanya nini sheria ikifika, na kwa nini. Tarehe na majina ya vyama vitakuja kipindi cha pili, vikishapata mahali pa kukaa. Mwalimu wangu wa mbinu za kufundishia ameniambia dakika 80 hazitatosha. Inawezekana.

Yule mwanafunzi sasa yuko kidato cha nne. Mwalimu mwenyeji wa somo lake bado ninayo namba yake, na nimemwomba gazeti hili likitoka ampelekee nakala.